Bwana Mifugo na Meza ya Gololi

"Nani kaitengeneza?"

Hilo ndilo swali la kwanza Bwana Mifugo alilowahi kuniuliza. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimesimama mlangoni kwake pale Karatu, kiganjani nina gololi ya kioo yenye utepe wa bluu uliojisokota ndani. Watoto wote wa mtaa tulijua kwamba jirani yetu yule, mchanjaji wa ng'ombe, anabadilisha gololi kwa penseli mpya. Nilitaka penseli. Sikujua kuna mtihani.

"Nimeipata dukani," nikasema.

"Duka halitengenezi kitu. Nani kaitengeneza?"

"Kiwanda."

"Kiwanda ni nyumba, binti. Nyumba haina mikono."

Machozi yakanilengalenga. Akaipangusa gololi yangu kwa pamba yenye spiriti, akaiinua kwenye mwanga, akaguna, akanipa penseli na kufunga mlango. Baadaye nilifika chuo kikuu, nikabishana na wahadhiri mpaka wengine wakawa wananikwepa kwenye ngazi, lakini sijakutana na mtu aliyenichosha kama yule mzee.

Alikuwa na jina, bila shaka. Mshahara wake ulikuja kwa jina fulani. Lakini sisi tulimwita Bwana Mifugo, wake za watu walimwita Bwana Mifugo, na hata padri alipomkemea kwa kutoonekana kanisani alimkemea kama Bwana Mifugo. Alitoka wapi, alizaliwa na nani, sikuwahi kumuuliza. Yeye mwenyewe asingeona faida ya swali hilo. Alivutiwa na asili ya vitu vya mviringo tu.

Gololi zake alizipanga kwenye trei za mayai, kila moja imelala juu ya pamba ya ofisini, na trei alizirundika kwenye kasha la kubebea chanjo, lile lenye kuta nene za kutunza baridi. Hakuzionyesha mpaka saa nne asubuhi. Karatu asubuhi ina ukungu, na yeye alishikilia kwamba gololi ikitazamwa kwenye ukungu inadanganya. Ukifika saa tatu unakaa kwenye benchi unasubiri jua, hata kama una haraka, hata kama umeletwa na mama yako kuomba dawa ya mbuzi anayekohoa. Mama yangu alisubiri hivyo zaidi ya mara moja, akatoka na dawa pamoja na mhadhara.

Hakuruhusu mtu kucheza nazo. Hilo ndilo lililotuumiza tukiwa watoto. Tulimwona akichukua gololi za mtaa mzima, moja moja, kwa penseli, kwa kifutio, kwa peremende, mpaka uwanja wetu ukabaki na mashimo matupu. Kaka yangu alimfuata akamwambia, "Bwana Mifugo, gololi ni ya kuchezea." Alimjibu kwa upole kabisa, "Na ng'ombe ni wa kuliwa. Lakini mimi nawachanja." Kaka alirudi nyumbani akilirudia lile jibu, anajaribu kutafuta maana yake. Nafikiri bado anatafuta.

Alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo kisa changu chote. Gololi, kwa mujibu wake, ni kitu cha mviringo kilichotengenezwa na mikono ya mtu. Kioo sawa, chuma sawa, udongo sawa. Mbegu, hapana. Mawe laini ya mtoni, hapana kabisa. Watoto walimletea vijiwe vizuri kuliko gololi zenyewe, akavirudisha. "Mto haujui unachofanya," alisema. Alilisema hilo mara nyingi sana. "Jiwe limeviringika tu, na kuviringika si kazi. Mimi nakusanya kazi."

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilirudi likizo nikiwa nimejiandaa kumshinda kwa hoja. Nilimkuta anapanga gololi za chuma, zile zinazotoka ndani ya beringi za magurudumu ya malori.

"Shikamoo Bwana Mifugo."

"Marahaba, msomi. Usiguse."

"Hizi zimetengenezwa na mashine. Kanuni yako inasema mikono."

"Mashine nani kaitengeneza?"

"Watu."

"Basi."

"Kwa hiyo kila kitu kimetengenezwa na watu, ukirudi nyuma vya kutosha."

"Mto haujatengenezwa na watu."

"Na wewe unazikusanya za nini? Zinamsaidia nani? Nchi haina sabuni, haina sukari, watu wanapanga foleni, wewe una sanduku la vioo."

Alifikiri. Nilidhani nimempata. "Hebu nisaidie kushika hii trei," akasema. Nikaishika, mpaka mikono ikauma.

Pamoja na yote, kuna gololi moja iliyoniharibia kila hoja. Ilikuwa ya udongo, imechomwa vibaya, upande mmoja mweusi na upande mwingine mwekundu, haina hata mviringo wa haki. Ukiiweka mezani ilijikongoja kidogo na kusimama. Hiyo aliipenda kuliko zote. Aliiweka katikati ya trei ya juu na kuzizungushia zile za kioo kama wasindikizaji. Aliyeifinyanga alikuwa ameacha alama ya kidole, mistari yote inaonekana, kidole kidogo, labda cha mtoto. "Huyu alikuwepo," Bwana Mifugo alisema akinionyesha alama ile. Nilimwambia ni gololi mbaya kuliko zote alizo nazo. Alikubali. "Mbaya sana," akasema kwa furaha.

Lakini nisimwonyeshe kama kichaa. Kazini kwake hakuwa na mzaha. Mafuta yalipokosekana na Land Rover ya ofisi ikabaki imeegeshwa mpaka kuku wakataga ndani yake, alikwenda kwa miguu, au kwa lori lolote lililopita. Nimemwona akirudi kutoka Kakesio, mbali huko, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, na ukimuuliza alifuata nini anasema mbuzi. Mbuzi wangapi? Mmoja. Mtu huyohuyo angekataa kukuonyesha gololi saa tatu na nusu.

Siku moja alikwenda Endulen na kasha lake, na wafugaji walipoliona likishushwa walifanya kilichokuwa cha akili: walituma watu kukusanya ng'ombe. Wakafika kutoka pande zote, vumbi juu, ndama wanalia, wazee wameshika fimbo. Bwana Mifugo akafungua kasha. Trei za mayai. Alikuwa amekwenda kumtembelea nesi wa pale, ambaye naye alikuwa mkusanyaji. Wazee walikasirika kiasi cha kukataa kumsalimia. Aliyecheka ni mama mmoja mtu mzima, tutamwita Yeyo kama walivyomwita wote pale, maana ndivyo mama huitwa kwa Kimasai. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanyoosha mkono, akaomba kushika moja. Na Bwana Mifugo, ambaye hakuruhusu hata mama yangu kugusa, akampa ile ya udongo. Nesi ndiye aliyenisimulia, na nilikataa kuamini mpaka aliponiapia.

Huyo nesi alikuwa mmoja wa wakusanyaji wanne. Gololi zake zilitoka kwenye mifuko ya nguo za watoto zilizoletwa kama msaada kutoka ng'ambo. Wa pili alikuwa dereva wa lori la vitunguu la Mang'ola, mtu wa kelele na chuma, aliyedai kwamba kila beringi iliyomfia barabarani ilimwachia mayatima. Wa tatu alikuwa mwenye duka wa Karatu, mwenye chupa za soda za zamani zilizozibwa kwa gololi shingoni. Hao watatu na Bwana Mifugo ndio walikuwa wakusanyaji wote wa gololi niliowahi kuwasikia katika nchi hii, na kila mwaka, Sabasaba, walikuwa na meza yao kwenye maonyesho ya wakulima.

Meza ile ilikaa kati ya vitunguu na kuku wa kisasa. Mbele yake fahali walipimwa, nyuma yake kwaya ya shule iliimba kuhusu mbolea. Watu walipita, wakasimama, wakauliza kama zinaliwa. Dereva alijibu, "Jaribu moja, meno yako ndiyo yatasema." Wao wanne hawakuwajali. Waliinamiana, wakabadilishana, wakatukanana kwa mapenzi.

"Hii uliileta mwaka jana, Dada Nesi," dereva akasema.

"Mwaka jana ulikuwa huoni. Tazama hiyo kijani ndani."

"Kijani hiyo ni uchafu."

"Uchafu ni huo ulio kwenye kucha zako."

Mwaka mmoja mgeni rasmi alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akauliza swali nililokuwa nikiliuliza mimi: "Ndugu, hizi zinaongeza uzalishaji kwa namna gani?" Bwana Mifugo akamwuliza nani kaitengeneza kofia aliyovaa. Nilitamani ardhi inimeze. Ilibidi mwenye duka amwahi mgeni na soda.

Mwaka mzima Bwana Mifugo aliishi kwa ajili ya siku ile. Alifua koti lake wiki nzima kabla, wakati sabuni yenyewe ya kugombania. Alianza kuzisafisha gololi tangu mvua za masika. Hakuwa na mke wala mtoto niliyemfahamu, hakunywa pombe, hakwenda kwenye ngoma. Alikuwa na meza moja, siku moja kwa mwaka, na watu watatu waliojua anachozungumza. Mimi nisiyeamini kitu niliona wazi kwamba ukimwondolea hiyo hakuna kitakachobaki ila sindano.

Halafu mwenye duka akahamia Arusha pamoja na chupa zake.

Mwezi mmoja kabla ya Sabasaba, katibu wa maonyesho alikuja nyumbani kwa Bwana Mifugo. Nilikuwepo, nimemaliza chuo, nasubiri kupangiwa kazi na kubishana na kila mtu. Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akakubali chai isiyo na sukari, akasema: "Ndugu yangu, meza ni za vikundi. Kikundi ni watu wanne. Pungufu ya hapo si kikundi, ni majirani. Watu wa asali wananiomba nafasi hiyohiyo. Tafuta wa nne."

Katibu alipoondoka nikamwambia, "Niandikishe mimi."

"Una gololi?"

"Wewe unayo gololi yangu. Ile yenye utepe wa bluu. Nirudishie, niwe mwanachama, baadaye nikupe tena."

"Ile si yako. Tulibadilishana. Ulipata penseli."

"Penseli iliisha!"

"Gololi haikuisha," akasema. "Ndiyo maana nilibadilisha."

Nilitoka nikabamiza mlango. Mama akaniuliza kulikoni, nikamwambia yule mzee anastahili kukosa meza. Mama akasema, "Wewe naye. Si ulikwenda kumsaidia?"

Siku ya kuandikisha vikundi tulikuwa uwanjani wote, jua limeshatoka, katibu ameketi chini ya turubai. Dereva alifika na lori, akateremka akipiga kelele kwamba ameuliza Mang'ola yote na hakuna mwenye akili mbovu ya kutosha. Bwana Mifugo amesimama na koti lake safi, kasha miguuni. Ndipo akatokea nesi kutoka njia ya juu, na nyuma yake Yeyo wa Endulen, shanga shingoni, kitu kizito kimefungwa kwenye shuka begani.

"Takwenya, Yeyo," Bwana Mifugo akamwamkia.

"Iko," Yeyo akaitikia kwa Kimasai, akashusha mzigo wake. "Nesi amesema meza inataka mtu. Mimi nina moja."

Akafungua shuka. Lilikuwa jiwe, ukubwa wa chungwa, la kijivu, duara kabisa pande zote, lakini si laini. Lilikuwa na vidonda vidogovidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Dereva akapiga makofi. "Hii ndiyo mama yao! Katibu, andika huyo, tumetimia!"

Bwana Mifugo akainua mkono. Akachutama, akatoa pamba na spiriti, akalipangusa jiwe. Akaligeuza. Akalipima kwa kiganja. Akaligeuza tena, muda mrefu, mpaka katibu akaanza kutazama saa. Niliyajua maneno yatakayofuata, na nikayaombea yasitoke.

"Yeyo, nani kalitengeneza?"

"Sijui. Nimelikuta."

"Umelikuta wapi?"

"Korongoni. Mvua ikikata udongo, yanatoka."

"Basi ni mto."

"Mto gani?" Yeyo akacheka. "Pale hakuna mto. Ng'ombe wanakufa kiu pale."

"Ulikuwepo zamani."

"Wewe uliuona?"

Hapo hata katibu alicheka. Bwana Mifugo hakucheka. Alilishika lile jiwe kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa. "Mto haujui unachofanya," akasema, polepole, na nikajua kwamba meza imekwenda.

"Bwana Mifugo," dereva akasema, sauti imeshuka, "ni siku moja tu. Mwandike. Mwakani tutapata mwingine."

Mimi sikuweza kunyamaza. "Kanuni umeitunga wewe mwenyewe! Hakuna mahali imeandikwa. Hakuna atakayekushitaki. Mama wa watu ametoka Endulen na jiwe begani, unamwambia habari za mto?"

"Ndiyo, nimeitunga mwenyewe," akanijibu. "Ndiyo maana siwezi kuivunja. Ingekuwa ya serikali, ningetafuta njia."

Kisha akamgeukia Yeyo, akamwambia kwamba jiwe ni zuri, kwamba yeye anakaribishwa kukaa naye popote wakati wowote, lakini hawezi kuandikwa. Yeyo alimtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe asiyetaka kunywa maji.

"Nilitaka kukaa mezani," akasema. Akafunga shuka yake tupu. "Jiwe kaa nalo. Mimi silibebi tena."

Watu wa asali wakapata meza. Sabasaba ilipofika, Bwana Mifugo alikuja amevaa koti lake safi, akasimama kando ya ua wa fahali na kasha miguuni. Hakulifungua kutwa nzima. Nesi alikuja akasimama naye kidogo. Dereva alikuwa na safari. Mwaka uliofuata katibu hakuja tena nyumbani kumwuliza, na wale watatu wa gololi waliobaki wakawa, kama katibu alivyosema, majirani.

Baadaye kidogo ukaja wakati ule wa kusaka waficha bidhaa, mgambo wakaingia nyumba hata nyumba. Wakakuta kasha chini ya kitanda chake, trei baada ya trei ya vitu vinavyong'aa, wakadhani ni madini, wakamchukua mpaka ofisini. Mama anasema alirudi saa moja baadaye akiwa na furaha kuliko miezi yote iliyopita. Mkuu wa mgambo alikuwa amemwomba aeleze kila moja.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokuja likizo kutoka kazini Dar es Salaam. Alikuwa amestaafu. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na ukungu huo haukuondoka saa nne. Alizitambua gololi kwa vidole sasa, na alizitambua vibaya, akiniambia hii ni ya kijani wakati ilikuwa njano. Sikumsahihisha. Lakini nilipoingia nilijikwaa, tena kwa nguvu, kwenye kitu kilichozuia mlango usibamizwe na upepo, na kidole changu cha mguu kikalia. Lilikuwa jiwe la Yeyo.

"Bado unalo hili balaa!" nikapiga kelele.

"Linashika mlango vizuri. Sukari iko kwenye kopo, leo ipo."

Nilikaa nikishika kidole changu. "Ungemwandika yule mama."

"Mpaka leo unanigombeza, msomi?"

"Mpaka leo. Ungekuwa na meza yako. Mngekuwa wanne."

Kisha aliinuka, akapapasa mpaka mlangoni, akainama kwa taabu na kuliokota. Akarudi nalo, akaketi, akalizungusha mapajani, vidole vinapita kwenye vile vidonda kimoja kimoja. Nje kuku walikuwa wanapigana na upepo ulikuwa umeanza kuucheza mlango.

"Linakaa mkononi vizuri," akasema. "Hilo nakiri. Nimelishika mara nyingi kuliko ile ya udongo. Wakati mwingine nafikiri..." Akaacha. "Wewe umesoma. Nani kalitengeneza?"

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema mtu, na angefurahi, lakini sikuwa na uthibitisho wowote, na uongo wa kumfurahisha mzee sikuusomea. "Sijui, Bwana Mifugo," nikasema.

"Basi ni mto," akasema, akanipa jiwe nilirudishe mlangoni.

Alifariki kabla sijarudi tena. Kasha lilichukuliwa na nesi. Nyumba ikabomolewa, ikajengwa gesti, na jiwe, kama mawe mengine yote ya kiwanja kile, nadhani liliingia kwenye msingi.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa kikazi Ngorongoro, na wenzangu wakataka kuona makumbusho yaliyoko ukingoni mwa korongo wanakochimbua mabaki ya kale. Niliingia bila hamu. Ndani ya kabati la kioo yalikuwa yamepangwa mawe ya kijivu, ukubwa wa chungwa, duara pande zote, yenye vidonda vidogovidogo. Nilimwuliza mwongozaji, dada mmoja wa Endulen, kama ni ya mtoni. Akasema hapana, watu wengi huuliza hivyo. Yalitengenezwa. Walioyatengeneza waliishi hapo kabla ya watu kama sisi kuwepo, na waliligonga jiwe kwa jiwe, upande baada ya upande, wakiligeuza mkononi mpaka likawa mviringo. Ya kazi gani, akasema, wataalamu bado wanabishana. Ila kwamba ni mikono, hilo halina ubishi.